Kinga ya Waokoaji Katika Migodi ya Makaa ya Mawe

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, mgodi wa makaa ya mawe ulipolipuka huko Ulaya, walioshuka kuokoa walikuwa wachimbaji wenzao waliokuwa karibu. Walikuwa na ujasiri, lakini hawakuwa na mafunzo wala kifaa, na wengi walifia humo humo.

Kilichowaua mara nyingi hakikuwa moto. Mwaka 1896 mtaalamu wa fiziolojia John Scott Haldane alichunguza vifo vya mlipuko wa Tylorstown, Wales, akabaini kuwa wengi waliuawa na kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo hung'ang'ania damu na kuizuia kubeba oksijeni. Alishauri wanaoshuka wabebe mnyama mdogo, kwa kuwa mwili wake huzidiwa na sumu hiyo mapema kuliko wa mtu. Ndege aitwaye kanari ndiye aliyependelewa: akianguka kutoka kwenye kijiti chake, kikosi kilijua kuwa muda wa kurudi nyuma umefika.

Kanari alionya tu, hakumpa mtu hewa. Hewa ilipatikana kwa kifaa ambacho Henry Fleuss alikibuni mwishoni mwa miaka ya 1870. Pumzi iliyotoka ilichujwa hewa ukaa kwa kemikali, ikaongezwa oksijeni ya mtungi, kisha ikavutwa tena. Thamani ya vifaa vya aina hiyo ilionekana wazi Courrières, kaskazini mwa Ufaransa, Machi 1906, mlipuko ulipoua watu 1,099. Waokoaji wa Kijerumani walivuka mpaka na vifaa vyao kuja kusaidia, wakati serikali za nchi hizo mbili zikivutana vikali juu ya Moroko.

Hata hivyo kifaa peke yake hakikutosha, wala ujasiri peke yake. Mwaka 1908, katika mgodi wa Hamstead, Uingereza, mwokoaji John Welsby alikufa akiwa amevaa kifaa, joto lilimshinda. Mwaka uliofuata, katika moto wa mgodi wa Cherry, Illinois, watu 12 walishuka kwa lifti mara sita wakitoa wenzao hai. Mara ya saba lifti ilipanda na maiti zao zilizoungua.

Sheria ya migodi ya Uingereza ya 1911 iliweka msingi wa vituo vya uokoaji na vikosi vilivyofunzwa. Kikosi kiliingia na kutoka pamoja, na wengine walingoja penye hewa safi, tayari kuwafuata. Kwa kuwa kifaa kilibanwa mdomoni na pua ikazibwa, waliwasiliana kwa ishara za honi. Utaratibu huu ulikuwa kinga kubwa kuliko mtungi wenyewe, lakini haukuondoa hatari yote. Huko Gresford, Wales, Septemba 1934, waokoaji watatu walikufa walipoingia kwenye njia yenye gesi.

Kanari waliendelea kutumika Uingereza hadi 1986, vilipotangazwa vipima gesi vya kielektroniki kushika nafasi yao.