Majibu ya maabara ya mwanao hufanya kazi hata baada ya yeye kupona

Mtoto amelazwa kwa homa kali. Muuguzi anamchoma sindano, anatoa damu kidogo, anaitia kwenye chupa na kuandika namba. Majibu yanatoka, mtoto anapewa dawa, na baada ya siku chache mnarudi nyumbani. Wazazi wengi hudhani safari ya damu ile imeishia hapo. Lakini ziko hospitali zinazotunza majibu hayo kwa miaka mingi, na nyingine hugandisha hata damu iliyobaki. Ni haki yako kujua yanatunzwa kwa nini.

Tuchukue mfano wa Kilifi, pwani ya Kenya. Tangu Agosti 1998, karibu kila mtoto anayelazwa katika hospitali ya pale huchukuliwa damu ya kuoteshwa. Kuotesha damu ni kuitia kwenye chupa yenye chakula cha bakteria, kuiweka kwenye joto na kusubiri siku kadhaa kuona kama kuna kitakachoota. Watafiti walipokusanya majibu ya miaka minne ya kwanza, ya watoto zaidi ya 16,000, waliona kwamba zaidi ya robo ya watoto waliofia hospitalini walikuwa na bakteria kwenye damu. Kwa sisi tuliozoea kuita kila homa malaria, hilo si jambo dogo.

Novemba 2001 Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya Hib, bakteria anayeleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Je, chanjo ilifanya kazi? Swali hilo halijibiki kwa kuangalia wagonjwa wa leo tu. Lazima ujue walikuwa wangapi kabla. Kilifi walikuwa na kumbukumbu za kabla. Zilionyesha kwamba ugonjwa mkali wa Hib kwa watoto walio chini ya miaka 5 ulipungua kwa karibu asilimia 88 katika muda wa miaka michache. Kama majibu ya miaka ya nyuma yangetupwa, serikali isingekuwa na cha kulinganisha.

Kisa cha selimundu (wengine huiita sikoseli) kinagusa zaidi. Kwa muda mrefu wataalamu walibishana kama watoto wa Afrika wenye selimundu hushambuliwa sana na bakteria wa nyumokokasi, kama ilivyojulikana Ulaya na Marekani. Huko Kilifi damu za watoto waliolazwa kati ya 1998 na 2008 zilikuwa zimetunzwa, basi zikapimwa selimundu, nyingine miaka mingi baada ya mtoto kutoka wodini. Katika kila watoto 100 waliokuwa na bakteria kwenye damu, 6 walikuwa na selimundu. Kwa watoto wasio na bakteria hao, hakufika hata mmoja kwa 100. Na bakteria aliyeonekana mara nyingi zaidi kwa wenye selimundu alikuwa huyo huyo nyumokokasi. Ubishi ukapungua sana.

Kwako wewe mwenye mtoto wa selimundu, maana yake ni hii: usikose chanjo hata moja, mpe penisilini ya kila siku kama daktari alivyoelekeza katika miaka yake 5 ya mwanzo, na homa ikipanda usisubiri asubuhi. Mpeleke hospitali.

Je, jina la mwanangu litajulikana?

Katika utafiti unaofuata taratibu, jina huondolewa na kubaki namba, umri, tarehe na majibu. Kabla ya utafiti kuanza, kamati ya maadili huukagua. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, na Tanzania tangu 2022. Ukiombwa ridhaa, usione haya kuuliza: damu hii itatunzwa wapi, kwa muda gani, nani ataitumia, na nikibadili mawazo nimwambie nani? Uulize kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, na ujibiwe kwa lugha hiyo. Ukikataa, mtoto wako anatakiwa kutibiwa sawa na wengine. Anayekwambia vinginevyo anakosea.

Kumbukumbu hizi zina thamani zikiwa za kweli tu, na hapo mzazi au mlezi ana nafasi kubwa. Jina la mtoto liandikwe vilevile kila mnapokwenda; si leo jina la baba na kesho la babu. Taja tarehe halisi ya kuzaliwa, njoo na kadi ya kliniki. Kubwa kuliko yote, sema kama mtoto amekwisha kunywa antibayotiki za duka la dawa, hata kijiko kimoja, hata kama unaogopa kugombezwa. Dawa hiyo inaweza kuwazuia bakteria kuota kwenye chupa. Majibu yatasema hakuna kitu, daktari atapotezwa, na kumbukumbu itabaki na kosa hilo.

Kuotesha damu huchukua siku kadhaa, kwa hiyo huenda mkaruhusiwa kabla majibu hayajatoka. Uliza yatatoka lini, acha namba ya simu, na uandike namba ya maabara nyuma ya kadi ya mtoto.