Casey Kopua: Nahodha aliyelikosa kombe, mama aliyelitwaa

Goli moja tu. Julai 2011 nchini Singapore, fainali ya Kombe la Dunia la netiboli iliingia muda wa nyongeza, na kipenga cha mwisho kilipolia Australia walikuwa na 58, New Zealand 57. Nahodha wa waliofungwa alikuwa beki wa miaka 26, mzaliwa wa Matamata, mji mdogo wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa katika mkoa wa Waikato. Wakati huo akiitwa Casey Williams.

Miezi tisa kabla ya hapo mambo yalikuwa kinyume kabisa. Katika fainali ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Delhi, Oktoba 2010, timu hizo hizo zilitoka sare, zikaongezewa muda, zikatoka sare tena, hadi ikabidi mshindi awe wa kwanza kutangulia kwa magoli mawili. Maria Tutaia ndiye aliyefunga la mwisho, 66-64, na Williams akavaa dhahabu akiwa nahodha. Sidhani kama netiboli imewahi kutoa mechi iliyowachosha watazamaji kiasi kile, achilia mbali wachezaji.

Aliyecheza netiboli, yaani mpira wa pete, shuleni anazijua herufi GD (goal defence) zinazobandikwa kifuani. Ni nafasi isiyo na sifa nyingi, kwa sababu ubao wa matokeo huandika magoli, hauandiki yaliyozuiwa. Sheria inamtaka beki akae futi tatu, yaani sentimita 90 hivi, kutoka kwenye mguu wa mwenye mpira. Ndani ya hapo, filimbi. Basi umahiri wake uko kwingine: kukisia pasi itakwenda wapi kabla haijaachiwa, kuruka, kuinyaka hewani. Huko ndiko Casey alikojijengea jina tangu alipoitwa timu ya taifa, Silver Ferns, mwaka 2005.

Aliolewa na Terry Kopua, na kwa jina hilo jipya akacheza msimu wa 2012 na klabu yake ya Waikato Bay of Plenty Magic. Walianza vibaya: mechi nne za kwanza, zote wamefungwa. Wakamaliza wakiwa mabingwa, klabu pekee ya New Zealand iliyowahi kutwaa ligi ya pamoja ya nchi hiyo na Australia, iliyochezwa kuanzia 2008 hadi 2016. Kocha wao alikuwa Noeline Taurua, mama wa watoto watano. Jina hilo litarudi.

Oktoba 2014, Silver Ferns wakicheza na Australia, kano ya goti la Kopua ilikatika. Jeraha la namna hiyo humaliza wachezaji wengi, lakini Agosti 2015 alikuwa Sydney akiongoza timu kwenye Kombe la Dunia jingine. Wakawafunga Australia hatua ya makundi, 52-47, kisha wakafungwa nao fainali, 58-55. Mwaka uliofuata akajifungua binti, Maia, na unahodha ukaenda kwa Katrina Grant.

Kwa kawaida hadithi ya mwanamichezo wa kike huishia hapo: pongezi, ua moja, kwaheri. Kopua alirudi kuichezea Magic, ila timu ya taifa ilisonga bila yeye, na ikaporomoka. Mwaka 2018 huko Gold Coast walifungwa na Malawi 57-53, tukio lililoshangiliwa sana Afrika, wakarudi nyumbani bila medali yoyote ya Jumuiya ya Madola kwa mara ya kwanza tangu netiboli iingizwe kwenye michezo hiyo mwaka 1998.

Taurua akakabidhiwa timu. Hakujali nani ana jina. Asiyefikia kiwango chake cha pumzi na mbio hakuchaguliwa. Katika waliorudishwa alikuwemo Kopua, mwenye miaka 33 na mtoto mdogo. Watu wengi husifu jicho la kocha. Mimi naona jambo la maana zaidi ni kwamba kocha mwenye watoto watano hakuhitaji kuelezwa mchezaji mwenye mtoto anaweza nini.

Liverpool, Julai 2019, Kombe la Dunia. Walipoteza kwa Australia hatua ya awali, 50-49, wakawatoa wenyeji England nusu fainali, 47-45. Fainali ilichezwa tarehe 21, Kopua akiwa GD na Jane Watson nyuma yake, nahodha akiwa Laura Langman. Langman, Kopua, Katrina Grant (mwaka huo akiitwa Rore) na Maria Tutaia (mwaka huo akiitwa Folau) walikuwepo wote Singapore miaka minane nyuma. Safari hii tofauti ya goli moja iliangukia upande wao: 52-51, taji la kwanza la New Zealand tangu 2003. Maia alikuwa na miaka mitatu, na mama yake akastaafu timu ya taifa, safari hii akiwa na medali ya dhahabu ya dunia.