Programu huria na kazi ya kujitolea

Programu huria ni programu ya kompyuta ambayo leseni yake humpa kila mtumiaji haki nne: kuiendesha kwa shughuli yoyote, kuchunguza inavyofanya kazi, kuibadili, na kuisambaza. Ili haki hizo ziwe na maana, msimbo wake, yaani maagizo yanayoiunda, huwekwa wazi. Leseni haikatazi mtu kuuza programu hiyo wala kulipwa kwa kuiandika. Hata hivyo, nyingi zilianzishwa na watu wasiolipwa, na baadhi hutunzwa nao hadi leo. Huruma peke yake haitoshi kueleza bidii hiyo.

Haja

Mara nyingi mwandishi huanza kwa kutafuta kitu anachokihitaji mwenyewe. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, alikuwa na kompyuta ya prosesa ya Intel 386. Mfumo endeshi alioutumia, MINIX, ulitungwa kwa ajili ya kufundishia na haukumtosheleza. Akaanza kuandika kiini cha mfumo wake, na mwezi Agosti akawatangazia watumiaji wenzake wa MINIX. Wengine walikijaribu, wakatuma marekebisho, na faida ikamrudia yeye aliyetangulia kutoa. Leo kiini hicho, Linux, kimo ndani ya simu za Android, na tangu Novemba 2017 kinaendesha kompyuta zote 500 zinazoorodheshwa kuwa na nguvu zaidi duniani.

Haja huweza pia kuwa ya jamii. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipoikumba Kenya, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia walikuwa miongoni mwa waliojitolea kujenga Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za mashuhuda na kuzionyesha kwenye ramani. Msimbo wake ulitolewa huria, na mwaka 2010 programu hiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

Imani

Wengine huongozwa na msimamo wa kimaadili. Richard Stallman, aliyefanya kazi katika maabara ya akili unde ya MIT, Marekani, alitaka kuifanya printa mpya ya Xerox iwaarifu watumiaji karatasi zinapokwama, kama alivyofanya kwa printa ya awali. Safari hii msimbo haukutolewa, na mtafiti wa chuo kingine aliyekuwa nao alikataa kumpa kwa sababu alikwisha kuahidi kuuficha. Stallman aliona kwamba ahadi ya namna hiyo inawakataza watu kusaidiana. Mwaka 1983 alitangaza GNU, mradi wa kuandika mfumo endeshi huria, Januari 1984 akaacha ajira yake ili aushughulikie, na mwaka 1985 akaanzisha shirika la Free Software Foundation.

Leseni ya GNU GPL, iliyotoka mwaka 1989, iliipa imani hiyo nguvu ya kisheria: anayesambaza toleo alilolibadili lazima awape wapokeaji haki zilezile alizopewa yeye. Hivyo anayejitolea ana hakika kwamba jasho lake halitafungiwa na mtu mwingine.

Raha, ujuzi na jina

Watafiti Karim Lakhani na Robert Wolf waliwahoji waandishi 684 wa miradi 287, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2005. Kichocheo kikubwa kuliko vyote kilikuwa raha ya kubuni. Haja ya kuitumia programu na hamu ya kukuza ujuzi vilifuata. Takriban asilimia 40 walikuwa wakilipwa. Wanauchumi Josh Lerner na Jean Tirole walikwisha kueleza mwaka 2002 kwamba msimbo ulio wazi humtangaza mwandishi wake, kwani mwajiri anaweza kuukagua mwenyewe. Siku hizi sehemu kubwa ya mchango katika Linux hutoka kwa waajiriwa wa makampuni.

Mzigo wa utunzaji

Katika msaragambo, asiyeshika jembe huwaongezea wenzake kazi. Programu ni tofauti, kwa kuwa nakala moja zaidi haimpunguzii yeyote chochote. Kinachochosha ni utunzaji: hitilafu, maombi na vitisho vya usalama huongezeka kadiri watumiaji wanavyoongezeka, na kazi hiyo haina raha ya kubuni.

Aprili 2014 ilitangazwa Heartbleed, kasoro katika OpenSSL, programu iliyolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti. Wakati huo mradi huo ulikuwa ukipokea michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Baada ya mshtuko huo, shirika la Linux Foundation lilianzisha mpango wa kuyafanya makampuni yagharimie miradi ya aina hiyo.

Kujitolea huzaa programu, lakini hakuwezi peke yake kuitunza milele. Benki, serikali na makampuni yanayoitegemea yana wajibu wa kuchangia fedha na wataalamu. Mtumiaji wa kawaida naye ana la kufanya: kuripoti hitilafu kwa uangalifu, kuandika maelezo ya matumizi, au kuitafsiri programu kwa lugha yake.