Meza ya Bwana, Kutoka Kikuyu hadi Mkunazini

Mgawanyiko wa Waanglikana kuhusu Wakristo wapenzi wa jinsia moja husimuliwa kana kwamba ulizaliwa Marekani mwaka 2003, Gene Robinson, aliyeishi waziwazi na mwenzake wa kiume, alipowekwa wakfu kuwa askofu wa New Hampshire. Njia yenyewe ni ndefu zaidi, na kipande chake kirefu kimepita kwetu. Mimi naianzia Kikuyu, Juni 1913.

Katika misheni ya Waskoti, Waanglikana, Wamethodisti na Wapresbiteri walikutana kutafuta umoja. Mwishoni Askofu Peel wa Mombasa aliadhimisha Meza ya Bwana, na wasio Waanglikana wakashiriki. Habari zilipomfikia Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliwaka. Alitaka Peel na mwenzake Willis wa Uganda wajibu mashtaka ya uzushi mbele ya Askofu Mkuu wa Canterbury. Mwaka 1915 alitangaza kwamba dayosisi yake haina tena ushirika na ile ya Hereford, Uingereza, kwa kuwa askofu wa huko alimpandisha cheo mwanateolojia ambaye Weston alimwona mpotofu. Basi Zanzibar kuikatia Uingereza ushirika si jambo la juzi.

Kuna jambo jingine ambalo mijadala yetu hulipita haraka mno. Mwaka 1888 maaskofu Waanglikana wa dunia, katika mkutano wao wa Lambeth, waliamua kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe. Ilipita miaka 100. Mwaka 1988, Askofu David Gitari wa Kenya akiwa miongoni mwa waliolipigania suala hilo, Lambeth iliruhusu abatizwe pamoja na wake zake, mradi aahidi kutooa tena na waumini wa mahali pake waridhie. Najua jibu la wenye msimamo wa zamani: mwanamume huyo mwenye wake wengi aliahidi kutoongeza mke. Ni kweli. Lakini Kanisa lilifika hapo baada ya kutazama yatakayompata mke wa pili akifukuzwa nyumbani. Lilimtazama mtu, halafu likaisoma upya kanuni yake.

Miaka kumi baadaye, katika Lambeth ya mwaka 1998, maaskofu walipiga kura kuhusu mapenzi ya jinsia moja: 526 waliunga mkono azimio, 70 walipinga. Azimio lilisema matendo hayo hayapatani na Maandiko. Azimio hilohilo liliahidi kwamba Kanisa litawasikiliza wapenzi wa jinsia moja, na kwamba wanapendwa na Mungu. Sehemu ya kwanza tumeikariri. Ya pili tumeitelekeza, na hilo linaniuma.

Februari 2007 maaskofu wakuu walikutana Dar es Salaam, hotelini ufukweni. Saba kati yao walikataa kushiriki Komunyo pamoja na Katharine Jefferts Schori, kiongozi wa Kanisa la Marekani, lililomweka wakfu Robinson. Sisemi walisukumwa na chuki. Waliamini kwamba kushiriki naye ni kukubaliana naye, na Weston angewaelewa. Jumapili safari ilikuwa ya Zanzibar, kwa ibada katika kanisa kuu la Mkunazini, kukumbuka miaka 200 tangu Bunge la Uingereza lipige marufuku biashara ya watumwa. Jiwe la msingi la kanisa hilo liliwekwa mwaka 1873, mwaka uleule soko la watumwa lililokuwa hapo lilipofungwa. Kwa mapokeo, altare imesimama palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa viboko. Mahali palipopimwa nani ni mtu na nani ni bidhaa paligeuzwa kuwa meza. Siwezi kuitazama altare ile nikaona wepesi wowote katika kumnyima mtu nafasi mezani.

Baada ya hapo njia ilishika kasi: mkutano wa GAFCON, harakati ya Waanglikana wahafidhina, Nairobi mwaka 2013, kisha Kigali mwaka 2023, ambako uongozi wa Askofu Mkuu wa Canterbury ulikataliwa baada ya Kanisa la Uingereza kukubali sala za baraka kwa wapenzi wa jinsia moja.

Ahadi ile ya 1998 ya kusikiliza haikukosa mtu kabisa. Mwaka 2001 Christopher Senyonjo, askofu mstaafu wa Buganda Magharibi, alianza kuwapokea vijana wapenzi wa jinsia moja waliokataliwa na familia zao, akiwashauri bila kuwataka wabadilike kwanza. Kanisa la Uganda lilimvua hadhi ya uaskofu. Aliendelea kuwapokea.