Imani Isiyodai Ishara: Ukristo Chini ya Mlima Meru

Jumapili Kwa Mrombo, kusini mwa jiji la Arusha, spika za makanisa hushindana tangu asubuhi. Mabango ya mikutano ya injili huahidi uponyaji, kazi na ndoa: njoo uone. Mwaka 2011 watu wengi waliitikia wito wa namna hiyo, magari yakafuatana kwenda Samunge, Loliondo, ambako mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Ambilikile Mwasapile, alitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Mwenyewe alisisitiza imani. Wengi waliopanga foleni, nadhani, walitaka majibu ya vipimo yabadilike, na siwacheki. Mgonjwa hana muda wa theolojia. Ila Ukristo wa Mlima Meru haukuingia kwa ishara. Uliingia pamoja na mambo ambayo, kwa macho, yaliukanusha.

Oktoba 1896 vijana wawili wa Misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, wazaliwa wa nchi za Baltiki, walipiga hema Akeri, chini ya mlima huo. Usiku wa kuamkia tarehe 20 wapiganaji wa Kimeru na Kiarusha waliwavamia wakawaua, pamoja na baadhi ya Wachaga walioandamana nao. Kapteni Johannes, afisa wa jeshi la kikoloni la Kijerumani, alikuwa na kambi ya askari wake si mbali na hapo. Machoni pa wenyeji, mhubiri na mwenye bunduki walikuwa wageni wa msafara mmoja, na yaliyofuata hayakuwapa sababu ya kuwaza vingine. Johannes alirudi na askari na jeshi kubwa la Wachaga; nyumba zikachomwa, migomba ikafyekwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu. Tarehe 2 Machi 1900 viongozi 19 walinyongwa Moshi, wakiwemo Mangi Meli wa Moshi na Mangi Lobulu wa Meru.

Simulizi za kanisa hupenda kuruka hapa, kutoka damu ya mashahidi moja kwa moja hadi mavuno. Mimi naona hapa ndipo penye swali. Misheni ilirudi mwaka 1902 ikaanza kituo Nkoaranga, na mwaka 1904 ikafungua Ilboru kwa Waarusha. Aliyeketi kufundishwa ubatizo siku zile alikuwa ameona nini cha kumvuta? Alikuwa ameona boma la Arusha likijengwa kwa kazi ya kulazimishwa. Kweli, wapo waliofuata kusoma, dawa, au kivuli cha mwenye nguvu. Sitaki kuwafanya wote watakatifu.

Lakini kivuli hicho kiliondoka. Machi 1916 Waingereza waliiteka Arusha, na mwaka 1920 wamisionari wa Kijerumani wakafukuzwa nchini. Kama watu walimfuata Mungu wa mshindi, mshindi huyo alikuwa ameshindwa mbele ya macho yao. Walimu wenyeji ndio walioendelea kuongoza ibada na kufundisha katekisimu, ingawa hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amebarikiwa kuwa mchungaji. Walutheri wa Augustana kutoka Marekani walipokuja kusaidia, na Leipzig iliporudi katikati ya miaka ya 1920, sharika zilikuwapo na watu wamo. Tomaso wa Injili ya Yohana alionyeshwa makovu ndipo akaamini. Walimu hawa hawakuonyeshwa kitu, na majina yao hayatajwi sana kama ya Ovir na Segebrock. Huo ni upungufu wa uandishi wetu wa historia.

Jaribu jingine lilikuwa gumu zaidi, maana safari hii watesaji nao walikuwa Wakristo. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru Engare Nanyuki kwa nguvu kuwapisha wafugaji wa Kizungu, ikachoma nyumba zao. Aliyefukuzwa na aliyepewa ardhi walimwomba Mungu mmoja. Wameru walichanga fedha wakamtuma mwenzao Kirilo Japhet Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952. Hoja yao ilikosa theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu. Maombi yote yale, na jibu lililoonekana likawa hapana.

Hawakuliacha kanisa kwa sababu hiyo. Mwaka 1954 chuo cha theolojia cha Walutheri kilihama Lwandai kikaja Makumira, jirani na Akeri, kuwaandaa Waafrika kwa uchungaji.