Mlima Mmoja, Ukoo Mmoja
Kila aliyepitia shule ya msingi Kenya anavijua: Batian mita 5,199, Nelion mita 5,188, Lenana mita 4,985. Tulikariri, tukapata alama, basi. Lakini vilele hivyo vya Mlima Kenya si namba tu. Ni familia.

Mbatian alikuwa laiboni mkuu wa Wamaasai, kiongozi wa kidini na mtabiri ambaye morani walitaka baraka zake kabla ya kwenda vitani. Nelion alikuwa ndugu yake. Lenana na Sendeyo walikuwa wanawe, na baba alipokufa karibu 1890 waligombania nafasi yake hadi jamii ikagawanyika. Sendeyo pia ana kilele chake mlimani, ila kwenye mtihani hatajwi.

Sasa, Wakikuyu tayari waliuita mlima huu Kirinyaga, na Wakamba Kiinyaa. Aliyevipa vilele majina ya Kimaasai ni Halford Mackinder, mwanajiografia Mwingereza aliyefika juu ya Batian Septemba 1899 akiwa na waongozaji wawili kutoka Alps, César Ollier na Joseph Brocherel. Mbatian mwenyewe hangeulizwa, alikuwa kaburini.

Lenana alikuwa hai. Mwaka 1904 aliingia mkataba na Waingereza: Wamaasai watoke Bonde la Ufa, wengine waende Laikipia, wengine kusini. Waliahidiwa kwamba ardhi hiyo itakuwa yao maadamu Wamaasai wapo duniani. Ahadi ilidumu miaka 7. Mwaka 1911, mwaka ule ule Lenana alipokufa, mkataba mwingine ukawatoa Laikipia ili walowezi wapate mashamba. Na Laikipia, asubuhi isiyo na mawingu, mlima unauona vizuri kabisa. Yaani watu walifukuzwa chini ya mlima wenye majina ya viongozi wao.

Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, Kisoi Munyao alipandisha bendera yetu kwenye Lenana. Hata leo wengi wetu tunaishia hapo, kwa sababu Batian na Nelion vinataka kamba na ujuzi wa kukwea miamba.

Kwa hivyo ukipiga picha pale juu, usisome mita pekee. Soma na jina. Mwenyewe alipewa kilele, watu wake wakanyang'anywa malisho.