Demenshia: Zaidi ya Ugonjwa wa Kusahau

Demenshia, neno lenye asili ya Kilatini na maana ya kutokwa na akili, si jina la ugonjwa mmoja bali la kundi la dalili zinazotokana na kuharibika kwa ubongo, na chanzo chake kikuu ni ugonjwa ulioelezwa na daktari Mjerumani Alois Alzheimer mwaka 1906. Kwa Kiswahili mara nyingi huitwa ugonjwa wa kusahau, tafsiri inayoeleweka upesi lakini inayoishia mlangoni, kwa kuwa mgonjwa hupotea pia katika njia aliyoizoea tangu ujana, humshuku mwanawe kuwa mwizi, na huamka usiku wa manane akaingia boma la jirani. Katika kaunti za Kisii na Nyamira nchini Kenya, mzee anayekutwa nje usiku huweza kudhaniwa kuwa omorogi, yaani mchawi, na uzito wa dhana hiyo ulionekana Oktoba 2021, wanawake wanne walipouawa na umati huko Marani, Kisii, kwa kutuhumiwa uchawi. Si kila anayetuhumiwa ana demenshia. Hata hivyo, jina linalotaja kusahau peke yake halimsaidii jirani kumwelewa mzee aliyesimama uani kwake saa nane za usiku. Wajapani waliacha jina lao la zamani la demenshia mwaka 2004 kwa sababu lilibeba maana ya upumbavu, na Kiswahili nacho kingefanya vyema kulishika neno demenshia na kulifafanua.

Istilahi ya pili, inayotaja jinsi ugonjwa unavyoendelea, ina mtego wake. Kuandika "maendeleo ya ugonjwa" ni kumfanya msomaji adhani mgonjwa anapata nafuu. Kinachopimwa ni kuzidi kwa ugonjwa. Lakini kabla ya kupima kuzidi huko, ugonjwa hutambuliwa kwanza, na dodoso la IDEA la kuchunguza demenshia, lililotokana na utafiti wa wilaya ya Hai, Tanzania, humfaa hata mzee asiyejua kusoma, kwani humtaka apange njiti za kiberiti, ataje wanyama, na aeleze daraja ni nini. Mjini Kisii swali hilo la mwisho lingehitaji uangalifu, maana mama aliyeuza ndizi katika soko la Daraja Mbili kwa miaka mingi anaweza kujibu kwamba daraja ni soko, na akawa na akili timamu kabisa.

Istilahi ya tatu, ubora wa maisha, ni jinsi mtu mwenyewe anavyoyaona maisha yake, wala haushuki sawia na kumbukumbu. Huko Kisii utunzaji wa muda mrefu hufanyika zaidi nyumbani kuliko katika makao ya wazee, na mtafiti huvutwa kumhoji mkamwana anayemwogesha na kumlisha mzee, ilhali imeonekana mara nyingi kwamba mtunzaji hutoa alama za chini kuliko mgonjwa, hasa mtunzaji huyo anapokuwa amechoka. Maadamu mzee bado anaweza kujibu, yeye ndiye wa kuulizwa kwanza.